Mama yake Gu Jun-pyo na bahasha yake: kila kilichovunjika mle ndani kilivunjikia kwa maskini

BintiDobi (mleta uzi)

Habari za jioni wadau wa tamthilia. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, maana nina jambo nimelibeba muda mrefu na wiki iliyopita limeniamkia upya.

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili, kaja likizo kwangu, kanikuta nakunja nguo akaniambia shangazi kuna sizoni ya Kikorea ya zamani wenzangu shuleni wanaisifia hatari, hebu tuiangalie. Kuangalia kumbe Boys Over Flowers! Ile ya 2009 ya televisheni ya KBS ya Korea, episodi 25, Lee Min-ho akicheza Gu Jun-pyo na zile nywele zake za mawimbi. Mimi niliiona 2010 nikiwa chuo, tulinunua DVD kwa machinga Kariakoo, wasichana sita kitanda kimoja laptop moja, umeme ukikatika tunasubiri hapohapo hakuna anayetoka asije akapoteza nafasi. Enzi hizo nilikua nalia sababu ya mapenzi. Safari hii nimelia pia ila kwa kitu kingine kabisa.

Kwa ambao hamkuiona, kwa ufupi. Geum Jan-di ni binti wa dobi. Wazazi wake wana kaduka ka kufua na kupiga pasi, na yeye ndo anapeleka nguo za wateja kwa baiskeli. Siku moja anapeleka nguo shule ya matajiri inaitwa Shinhwa, anamkuta kijana yuko juu ya paa anataka kujirusha kwa vile ananyanyaswa na wanafunzi wenzake, anamuokoa. Habari inasambaa, wananchi wanaikasirikia kampuni yenye shule, sasa kampuni ili ijisafishe inampa binti wa dobi nafasi ya kusoma pale bure. Huko ndo anakutana na Gu Jun-pyo, mrithi wa kampuni yenyewe, na wenzake watatu. Mnajua kinachofuata. Wanapendana, na mama mtu, Kang Hee-soo, hataki.

Sasa jambo langu ni hili. Watu wengi tukiongelea mama wakwe wa kwenye tamthilia tunaongelea maneno yao, dharau zao, jicho lao. Mimi nimeangalia mara hii na daftari, sitanii, nimekaa nikaandika kila kitu kilichoharibika toka episodi ya kwanza mpaka ya mwisho na kimeharibika upande gani. Jan-di bega limeumia sababu alimkinga Jun-pyo na kiti walipokua wanampiga, na bega hilo ndo lilikua la kuogelea, kuogelea ndo kitu pekee alichokua nacho mwenyewe, kikafa. Nyumba yao na duka lao vikaenda. Wazazi wakahamia pwani kwenye samaki, yeye akabaki na mdogo wake kwenye chumba cha juu ya paa. Rafiki yake Ga-eul, ambaye hata hahusiki, baba yake akakosa kazi. Upande wa tajiri nimeandika nini? Jun-pyo alihuzunika. Alichumbishwa na mtu asiyemtaka. Akapoteza kumbukumbu baada ya ajali, halafu akazinduka kwenye kitanda kizuri na madaktari wamemzunguka.

Yule mama hakumpiga Jan-di hata kofi. Alifanya kazi moja tu, kugusa riziki za watu wanaomzunguka yule binti, mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kupandisha sauti, mpaka binti mwenyewe aone mapenzi yake ndo yanawatia watu njaa. Hapo ndo pabaya. Ukitukanwa utajibu, sasa baba wa rafiki yako akiachishwa kazi kwa ajili yako utajibu nini?

Na najua ninachoongea. Baba yangu ni dobi.

Kibanda chake kilikua Magomeni, meza moja, blanketi la kijeshi juu yake, pasi ya mkaa, na kopo la maji lenye matundu kwenye kifuniko la kunyunyizia. 2011 nilikua na mwenzangu, kijana wa watu mwema kabisa, wao wanakaa upande wa Mbezi, mama yake mfanyabiashara. Tulikua tumefika mahali pa kutuma mshenga. Nikaalikwa kwenye sendofu ya dada yake, nimeshona kitenge changu vizuri tu, mama yake akanishika mkono akanipeleka kwa shoga zake akasema "huyu baba yake ndo anatunyooshea mashuka ya gesti". Basi. Hakuongeza neno. Wale kina mama wakaniitikia "aaah" wakaendelea kula.

Wiki mbili baadae akaja Magomeni mwenyewe na gari. Mimi nilikua nimekaa kwa ndani nyuma ya pazia nakunja. Baba akamwambia karibu mama, leta nguo. Akasema sijaja na nguo. Akatoa bahasha akaiweka juu ya shati la mteja ambalo baba ndo kwanza kalimaliza, shati jeupe la mikono mirefu limelala pale limenyooka kama karatasi. Akasema zimo milioni mbili, binti yako ana akili amalizie chuo, mwanangu ana safari yake. Baba akaangalia ile bahasha muda kidogo. Afu akaishika kwa vidole viwili akamrudishia, akamwambia "mama, shati la mtu hili". Bahasha ilikua imeacha mkunjo. Akachukua kopo akanyunyizia, akarudia kulipiga pasi lile shati mbele yake, taratibu, kola mpaka mikono, na yule mama amesimama palepale mpaka alipoona hajibiwi kingine akaondoka.

Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku ile.

Mwezi uliofuata mashuka ya gesti yakaacha kuja. Zilikua gesti tatu za ukoo wao na jamaa zao, karibu nusu ya kazi yote ya baba. Hakuna aliyesema kitu, mashuka tu hayakuja. Na yule kijana wangu? Alisema atazungumza na mama yake. Akazungumza. Akasema tena atazungumza. Mwisho mimi ndo niliyeachia.

Nawauliza, kwenye hizi stori zetu za tajiri na maskini, kijana akipenda kweli tumpime kwa kipi? Maana Jun-pyo alipiga sana kelele kwa mama yake, na sikumbuki hata siku moja kelele zile zimerudisha duka la dobi.

Mtu wa Sizoni

Dada uzi mzito huu. Ila tumtendee haki Jun-pyo. Si alitoka kwenye jumba lao akaja kupanga chumba jirani na Jan-di kulekule juu ya paa? Mtoto aliyezaliwa anavalishwa hadi viatu na watumishi, kaja kulala kwenye chumba kina baridi. Mimi pale nilimkubali.

BintiDobi

Pale hata mimi nilimkubali mkuu, na ile episodi naipenda mpaka leo. Ila angalia tofauti, yeye akichoka anarudi kwao jioni hiyohiyo, geti linafunguliwa. Jan-di akichoka anaenda wapi, juu kuna mbingu chini kuna kodi. Kuishi kama maskini ukiwa na funguo ya kwenu mfukoni ni kitu kingine. Simlaumu, alikua mtoto, ila tusiweke mizani sawa.

Shangazi wa Chumbageni

Mimi nimekuja kwa ajili ya chumvi, mbona umeiruka dada na ndo moyo wa jambo lako?

Kwa wasiojua, Kang Hee-soo anaenda mwenyewe kwenye kaduka ka kina Jan-di na pesa, won milioni 300, wamuachishe binti yao kwa mwanae. Na tuseme ukweli, yule mama Jan-di toka mwanzo alikua anautaka ule utajiri kuliko hata mtoto mwenyewe, anamsukuma binti, nyumba nzima inashangilia kijana wa Shinhwa kaja. Ukawa unajua kabisa hapa pesa itapokelewa. Anaamka anaingia ndani. Anarudi na chumvi anammwagia tajiri kichwani! Huko Korea mgeni mbaya akitoka wanarusha chumvi kufukuza nuksi, na hata huku Tanga bibi zetu chumvi ya mawe wanaijua kazi yake. Mimi nilisimama kwenye kochi.

Halafu inakuja ile ambayo watu wanaisahau. Madeni yanawabana, wanaowadai wanawashika shingo, na mama yuleyule anaenda kwa tajiri kupiga magoti, anajimwagia chumvi mwenyewe kichwani kuomba radhi ili apewe zile pesa. Pale sikusimama. Pale nilizima tivii nikaenda kukaa nje.

BintiDobi

Shangazi niliiruka kwa makusudi, sikua tayari kuandika. Wacha niandike sasa.

Mashuka yalipokatika, miezi mitatu baadae mama yangu akaanza kuumwa, vipimo, dawa, kila wiki nauli na hela ya kumuona daktari. Usiku mmoja nimelala naye chumba kimoja akadhani nimesinzia, akamwambia baba kwa sauti ya chini kabisa, "ile bahasha ingetufaa baba fulani". Baba hakujibu. Nikasikia tu anageuka kitandani.

Nilikaa miaka nimemkasirikia mama kwa neno lile. Nimekuja kuangalia ile ya chumvi mara ya pili juzi na mtoto pembeni, nikaona kumbe mwenye pesa hana haraka. Ukimkataa leo anakusubiri ugonjwa, anasubiri ada, anasubiri kodi, anajua tu mlango atapita upi. Chumvi ya kwanza ilikua ya mtu mwenye afya na duka. Ile ya pili ni ya mtu aliyebanwa. Ni mama yuleyule, heshima yake ileile, sema saa zimepishana. Mama yangu kapona, yupo, na juzi nimempigia simu tukaongea mpaka salio likaisha, sikumwambia kwanini.

kijana_wa_kigogo

Samahani naenda tofauti kidogo. Mnamsema mama peke yake, mimi namuona Jun-pyo ndo mwanafunzi wake namba moja. Ile kadi nyekundu mmeisahau? Akiiweka kwenye kabati lako shule nzima inakugeukia, yeye hata hainui mkono, amekaa anaangalia. Si kitu kilekile anachofanya mama yake kwa kazi za watu? Unatumia wengine kumvunja mtu. Na bahasha ya kwanza kwenye ile sizoni haikutoka kwa mama, ilitoka kwa kijana. Mwanzoni kabisa anamkamatisha Jan-di anapelekwa jumbani kwao, anapambwa, anavalishwa, anaambiwa ukiwa na mimi vyote hivi vyako. Na Jan-di anamjibu hanunuliki. Kwahiyo yeye kazi yake yote ile sizoni nzima ni kujifunza asiwe mama yake. Ndo maana mimi namhesabia alifika mbali, kwa sababu alianzia mbali.

BintiDobi

Kijana, hili sikuwahi kuliona hivi na nimeiangalia mara mbili. Bahasha ya kwanza ilitoka kwa kijana. Umenifunga mdomo, na kwenye daftari langu imebidi nianze ukurasa mpya.

Mama wa Wawili

Mabinti zangu, nimesoma yote kimya tangu jana. Mimi ni mama wa watoto wa kiume wawili na nitasema ambalo halitawapendeza.

Mnamchora yule mama kama shetani. Mimi naelewa anaogopa nini. Mwanangu wa kwanza ana kazi nzuri sasa hivi, tumemsomesha kwa shida, baba yake alifariki yuko kidato cha nne, nimeuza kiwanja, nimekopa vikoba. Mwaka jana kaniletea binti, anatoka Mbagala, mama yake anauza vitumbua, wako saba kwao na yeye ndo wa kwanza. Binti ana adabu, sina la kumsema. Ila najua akiolewa pale mwanangu kaoa wote nane. Ada za wale wadogo zitakuja kwake, ugonjwa utakuja kwake, msiba utakuja kwake. Mimi bado sijala hata tunda la jasho langu. Sijatukana mtu, nimemwambia tu mwanangu nafasi bado, asubiri. Miezi minane sasa nasema asubiri. Je na mimi ni Kang Hee-soo?

Fundi Umeme

Mama shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima maana mimi niko upande wa huyo binti wa Mbagala, ila mwanaume.

Mimi fundi wa kuchora na kuvuta nyaya majumbani. Nilimpenda binti wa mzee mmoja mkubwa mkubwa, tulikutana navuta umeme kwenye nyumba yao mpya. Barua ya posa ikapelekwa vizuri na mshenga, leso, kila kitu. Wajomba zake wakatupokea kwa soda, wakatabasamu, wakasema hatuna neno na kijana. Wakataja mahari. Milioni saba na ng'ombe kumi, na wale watu hata mbuzi hawafugi. Mshenga wangu mzee wa watu alipokea ile karatasi akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati, njia nzima kwenye daladala hajasema kitu.

Ninachotaka kusema mama ni hiki, neno "hapana" lingeniuma siku moja likapona. Ile bei na "subiri" yao iliniuma miaka miwili maana nilikua naamka saa kumi usiku kutafuta milioni saba nikiamini kweli kuna mlango. Binti mwenyewe alikua ananisubiri na yeye anaamini. Kama jibu ni hapana mwambie binti hapana. Kama ni woga wa ada za wadogo zake sema ni woga, pengine binti anao mpango wake, hujamuuliza. "Subiri" ya mwenye nacho inakula umri wa asiye nacho.

Mtu wa Sizoni

"Subiri ya mwenye nacho inakula umri wa asiye nacho" fundi umeniua.

Msomaji wa Ilala

Niongeze kitu kwa wanaodhani haya ni mambo ya kutunga tu. Hadithi yenyewe asili yake Japani, katuni ya Yoko Kamio iliyoanza 1992. Taiwan wakaifanya tamthilia 2001, Japani wenyewe 2005, Korea 2009, China 2018, Thailand 2021. Nchi tano, lugha tofauti, na kila mahali yupo mama mwenye kampuni na binti wa kawaida. Hakuna nchi iliyobidi ieleze kwa watazamaji wake kwanini mama hataki, watu wanaelewa palepale.

Na huko Korea hizi kampuni za ukoo, wenyewe wanaziita chaebol, ndoa ni sehemu ya biashara. Kampuni haiongozwi na wenye hisa wa mbali tu, inaongozwa na baba, watoto, wakwe, kwahiyo mkwe ni mtu anayeingia kwenye kampuni. Ndo maana Kang Hee-soo alimtafutia mwanae Ha Jae-kyung wa kampuni nyingine, pale zinaoana kampuni mbili. Mfano wa kweli upo, Lee Boo-jin wa familia ya Samsung mwaka 1999 aliolewa na Im Woo-jae, mfanyakazi wa kawaida kabisa wa kampuni. Magazeti yalimpamba kweli, yakaiita ndoa ya Sinderela mwanaume, na yakaandika sana kwamba nyumbani hawakuitaka. Baadae wakaingia mahakamani kuachana, kesi ikachukua miaka, ikaisha 2020. Silitaji kusema maskini na tajiri hawawezani, nyumba nyingi za matajiri kwa matajiri nazo zimevunjika. Nataja kwa sababu tamthilia inaishia kwenye pete, na kazi kubwa inaanzia kwenye pete.

Shangazi wa Chumbageni

Msomaji umesema vizuri, na mwangalie dada yake Jun-pyo, Jun-hee. Yule naye aliozeshwa kwa ajili ya kampuni akaacha aliyempenda. Ndo maana anampigania Jan-di kama anajipigania mwenyewe. Mama mtu alishaharibu mtoto mmoja na hakujifunza. Kwangu mimi yule dada ndo anayejua bei ya kila kitu mle ndani.

Halafu baba yake Jun-pyo! Mama aliwatangazia watu kafa kumbe yuko kitandani hajitambui, na Jan-di bila kujua ni nani akawa anamhudumia kwenye kliniki, anamsomea vitabu. Binti wa dobi anayekatazwa mlangoni ndo anayemlea baba mwenye nyumba. Waandishi wa Kikorea wanajua kukukamata roho.

mwanaTHEpromise

Mmenikumbusha ya Wafilipino, The Promise. Amor alikua mtumishi kwenye nyumba ya kina Buenavista, akapendana na Eduardo mtoto wa nyumba, mama mtu akakataa, Eduardo akaoa Claudia wa hadhi yao. Amor akarudi baada ya miaka ana pesa kuliko wao. Sisi mtaani tulikua tunashangilia kila akishuka kwenye gari. Nilipokua mkubwa nikaja kuona kwamba Amor aliyerudi na pesa na yeye anabonyeza watu kwa pesa, na Yna binti yake na Angelo aliyelelewa na Eduardo na Claudia, vijana wanaopendana, ndo wanaoumia katikati. Alirudi na bahasha kubwa zaidi tu. Jan-di namuheshimu kwa sababu hakurudi tajiri kulipiza, mwisho tunamkuta anasoma udaktari. Miaka minne Jun-pyo yuko Marekani, yeye yuko na vitabu vyake. Hata kama Jun-pyo asingerudi na ile helikopta, yule binti alikua na pa kwenda.

BintiDobi

Jamani nimewasoma wote. Mwana The Promise, hapo kwenye udaktari ndipo mtoto wa kaka yangu aliponiuliza swali lililonifanya nifungue huu uzi. Kaniuliza "shangazi, angekua hajaenda kusoma udaktari Jun-pyo asingemuoa?" Nikasema angemuoa. Akasema "sasa mbona walimfanya awe daktari kwanza?" Nikakosa jibu. Binti wa dobi hakuruhusiwa kuolewa akiwa binti wa dobi. Hata waandishi waliompenda waliona lazima wamnyooshe kwanza.

Mama wa Wawili, shikamoo mama. Sikusahau swali lako, nilikua nalifikiria. Wewe sio Kang Hee-soo. Kang Hee-soo hakua na njaa ya kuogopa, wewe umeuza kiwanja, woga wako una mwili. Na ukweli wadogo zake watakuja kwa mwanao, sitakudanganya, hata mimi wadogo zangu walikuja kwa mume wangu na amewasomesha wawili mpaka leo hajanitajia. Nachokuomba kimoja, umeshawahi kufika kwa kina binti? Sio kumuita aje kwako ukamuangalia anavyoosha vyombo. Wewe kufika kwao, ukakaa. Yule mama wa mwenzangu alifika kwetu mara moja tu na alifika na bahasha. Angefika siku moja kabla ya ile akaketi kwenye lile benchi akaongea na baba, nadhani, hata angekataa, angekataa vingine.

Mama wa Wawili

Marahaba. Sijafika. Nimesoma, nimekuelewa. Niacheni kwanza.

kijana_wa_kigogo

Mama usiondoke na hasira, tunakuheshimu.

Mama wa Wawili *(baada ya siku kumi na mbili)*

Nimerudi, maana nadhani mna haki ya kujua.

Jumamosi niliamka alfajiri nikapanda daladala mpaka Mbagala, sikutaka kwenda na gari la mwanangu, na sikumwambia yeye wala binti. Nilikua na jina la mtaa tu nikaulizia mama wa vitumbua, watoto wakanipeleka mpaka mlangoni. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya chuma cha vitumbua, anageuza kwa kijiti, mdogo mmoja anapepea mkaa mwingine anasoma daftari palepale kwenye moshi. Nikamsalimia nikajitaja. Yule mama alishtuka akataka kusimama akaangalia vitumbua vitaungua, akakaa tena. Akaniambia "dada nisamehe, vikiungua hivi ndo nauli ya watoto". Nikamwambia endelea. Nikapewa kiti cha plastiki, nikakaa pale karibu saa nzima namuangalia anauza.

Akanipa vitumbua vitatu kwenye kisahani na chai ya tangawizi. Nimemaliza kula, bila kufikiria nikaingiza mkono kwenye pochi nilipe. Nilikua nimeshashika noti. Nikaikumbuka ile bahasha juu ya shati la mteja. Nikautoa mkono mtupu nikasema asante mwenzangu, vitamu.

Nikamuuliza kuhusu wale wadogo. Akanihesabia mmoja mmoja kwa vidole nani yuko darasa gani, anayemfuata binti anamaliza ufundi mwaka huu na kashaahidiwa kazi gereji, na vitumbua ndo vinabeba waliobaki. Hakuniomba kitu wala hakumsifia binti yake. Aliniuliza mimi nilimleaje mwanangu peke yangu baada ya baba yake, na hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, nikajikuta namsimulia mpaka habari za kile kiwanja.

Sijasema ndiyo, msinipigie vigelegele. Bado naogopa na woga wangu haujaisha kwa chai moja. Ila fundi, lile neno "subiri" nimeacha kulisema. Nimewakaribisha kwangu Jumapili ya mwisho wa mwezi, mama na watoto wote saba, na nimeshaanza kuwaza nitawakalisha wapi maana viti ninavyo sita.